Maleleji ya Baba Krismasi

Mwezi wa Mei, mvua za masika zinapoishikilia Mombasa na hoteli za ufuoni kuanzia Nyali hadi Shanzu zinapofunga baadhi ya vyumba ili kuta zipakwe rangi, kuna suti nyekundu iliyolala salama katika stoo. Imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na vidonge vyeupe vya kufukuza wadudu, mkanda wake mweusi umeviringishwa, na ndevu zake za pamba zimefungwa mbali zisishike ukungu. Mtunza stoo anajua iko rafu gani, kwa kuwa imeandikwa katika daftari la mali, na siku ya kuhesabu vifaa atatakiwa kusema kama ipo au imepotea. Mtu aliyeivaa Desemba iliyopita hayumo katika daftari lolote. Huenda wakati huo anaendesha tuktuk ya mtu mwingine kule Kongowea, huenda amerudi kwao Kaloleni kupalilia mahindi, huenda amekaa barazani tu akingojea simu.

Kila Desemba mtu huyu hupigwa picha akiingia hotelini juu ya ngamia au akishuka kutoka kwenye mashua, na kila Januari husahaulika. Mimi naona kwamba mwenye kutaka kuielewa kazi ya Baba Krismasi hana budi kuanza na hiyo Januari. Ujira wake hupangwa kwa kuhesabu saa alizosimama ndani ya suti, ilhali kinachonunuliwa ni ustadi ambao ameulea mwaka mzima kwa gharama yake mwenyewe. Na sababu kubwa inayomfanya apunjwe ni jambo linaloweza kuonekana la kuchekesha, nalo ni ndevu.

Kabla ya kufika kwenye ndevu, inafaa tukumbuke kwamba pwani hii haikuanza jana kuishi kwa misimu. Neno lenyewe tulilipata kwa Waarabu, mawsim, na ndilo hilo hilo Wazungu walilolichukua wakalifanya jina la pepo zinazovuma katika Bahari ya Hindi. Majahazi yalikuja na kaskazi, kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi, yakaondoka na kusi. Baina ya pepo hizo mbili kuna kipindi ambacho wazee walikiita maleleji, au tanga mbili, wakati upepo haujaamua unakoelekea. Katika kipindi kama hicho vyombo vilipandishwa pwani, vikatiwa kalafati, yaani pamba ya kuziba mianya ya mbao, na kupakwa mafuta, na matanga yakashonwa. Hakuna nahodha aliyekiita kipindi hicho uvivu, wala hakuna mwenye chombo aliyedhani kwamba gharama ya kalafati haihusiani na nauli ya safari inayofuata. Ni ajabu kidogo kwamba mji ulioijua hesabu hiyo kwa karne nyingi umeisahau ulipoingia katika biashara ya utalii, ambayo nayo inafuata karibu miezi ile ile.

Nchini Marekani, kazi ya kuigiza Baba Krismasi imekwisha kupata sura ya taaluma. Mfanyabiashara James Edgar wa mji wa Brockton, katika jimbo la Massachusetts, ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa wa kwanza kuvaa mavazi hayo ndani ya duka lake mwenyewe, mwaka 1890, na maduka makubwa ya nchi hiyo hayakuchelewa kuiga. Mwaka 1937 Charles Howard alifungua shule ya kuwafunza waigizaji hao huko Albion, New York. Shule hiyo ipo hadi leo na sasa iko Midland, Michigan, ambako wanafunzi hukutana kwa siku chache mwezi wa Oktoba. Mtu asiyeijua kazi hii anaweza kudhani kwamba huko hufundishwa kucheka tu. Wanafunzi hupitishwa katika historia ya Mtakatifu Nikolasi, askofu wa Mira wa karne ya nne, mji ambao magofu yake yako Uturuki ya leo; hufundishwa kupaka rangi usoni, kujibu maswali ya waandishi wa habari, kutumia lugha ya ishara kwa ajili ya watoto viziwi, na hata tabia za wanyama wale wenye mapembe wanaosemekana kuvuta gari lake.

Lakini chuo si kitu kikubwa kama ndevu. Waigizaji wa Marekani wamegawanyika katika makundi mawili, wenye ndevu zao wenyewe na wenye ndevu za kubandika, na wenye ndevu zao wana hadhi ya juu kiasi kwamba wameunda vyama vyao. Ndevu za kweli haziwekwi stoo. Mwenye nazo hulala nazo, huzifuga miezi kwa miezi, huzisafisha kwa dawa ya kuzifanya ziwe nyeupe, na akienda kununua mkate mwezi wa Julai watoto humkodolea macho na kumnong'oneza mama yao. Kwa hiyo hawezi kugombana na mtu barabarani, hawezi kuonekana amelewa, na wengine huamua hata kuvaa shati lenye rangi nyekundu kila siku kwa kuwa hawaoni faida ya kujificha. Mwili wake ni vazi la kazi, na vazi hilo halina likizo. Hulipia bima ya kazi, hukubali kuchunguzwa na vyombo vya usalama kama ana rekodi ya uhalifu, na baadhi yao husafiri mwezi wa Julai hadi bustani ya Bakken, karibu na Copenhagen, ambako Baba Krismasi wa nchi mbalimbali wamekuwa wakikutana tangu mwaka 1957.

Matokeo yake kiuchumi ni dhahiri. Familia iliyopiga picha na mzee fulani mwaka juzi hutaka mzee yule yule mwaka huu, ili picha za ukutani zionyeshe watoto wanakua na yeye habadiliki. Mteja anapomtaka mtu kwa sura yake, mtu huyo anaweza kutaja bei. Hata hivyo tusiipambe hali yao kupita kiasi, kwa sababu wengi wa wazee hao ni wastaafu: walimu, askari, mafundi, madereva. Ujira wa wiki tano au sita, kuanzia katikati ya Novemba hadi mkesha wa Krismasi, hauwalishi mwaka mzima. Kinacholisha miezi iliyobaki ni pensheni. Kwa maneno mengine, hata kule kwenye soko tajiri, mwenye duka hununua furaha ya Desemba kwa bei ambayo sehemu yake imelipwa na mwajiri mwingine wa zamani.

Anayelikwepa tatizo hilo kabisa yuko Rovaniemi, nchini Ufini. Kijiji cha Baba Krismasi kilifunguliwa huko mwaka 1985, juu ya mstari wa Aktiki, na ofisi yake hupokea wageni kila siku ya mwaka, hata wakati wa kiangazi ambapo theluji imekwisha na jua halizami. Wafini walitambua kwamba wanaweza kuuza mahali badala ya tarehe. Jambo hili lingepaswa kutuuma sisi wa Mombasa kuliko yote niliyoyataja, kwa sababu biashara yetu nzima ni kuuza mahali.

Tumtazame basi Baba Krismasi wetu. Huyu kwa kawaida ni kijana wa timu ya burudani, yule ambaye wafanyakazi wa hoteli humwita animeta: asubuhi huongoza mazoezi ndani ya bwawa, alasiri hupanga mechi ya voliboli mchangani, usiku hupanda jukwaani pamoja na wanasarakasi na wachezaji wa ngoma. Kama hoteli haina timu yake, huletwa na wakala kwa jioni moja. Ni mwembamba, kwa hiyo hufungwa mto tumboni. Joto la Desemba hupanda hadi nyuzi 31 au 32, na unyevu wa bahari huongeza uzito wake, ndani ya vazi lililobuniwa kwa ajili ya nchi ya barafu. Nakumbuka mwaka mmoja mwanangu alivivumilia vyote, ndevu za pamba, mto uliokuwa ukishuka, hata sauti ya mtu aliyemjua kutoka bwawani asubuhi ile. Kilichomshinda ni makubadhi. Buti hazikupatikana za saizi yake, na mtoto akaniuliza kama Baba Krismasi amehamia Mji wa Kale.

Wapo watakaosema kwamba kazi ya jioni tatu haiwezi kuitwa kazi. Wanaosema hivyo hawajaitazama kwa makini. Mgeni wa Kijerumani hutarajia zawadi za watoto jioni ya tarehe 24. Mgeni wa Kiingereza huzitarajia asubuhi ya tarehe 25. Na kule Malindi na Watamu, ambako Waitaliano ni wengi, kuna watoto wanaojua kwamba zawadi nyingine huja tarehe 6 Januari, nazo huletwa na kizee wa kike. Mtu aliye ndani ya suti anatakiwa azijue desturi hizi, azisalimie kwa lugha zake, amtulize mtoto anayelia kwa hofu bila kumshika kwa namna itakayomwudhi mzazi, na asome majina ya watoto kwenye karatasi kama kwamba aliyajua tangu zamani. Siku hizi ambapo Wakenya wenyewe, waliopanda treni kutoka Nairobi wakiwa familia nzima, ndio wengi hotelini wakati wa Krismasi, anatakiwa pia ajue utani wa bara. Ustadi huo haupatikani tarehe 23 Desemba. Hupatikana katika miezi ya Februari na Agosti, mbele ya wageni wachache, kwa makosa na kwa kurudia.

Na miezi ya katikati? Mwanzo wa mwaka si mbaya, kwa kuwa wanaokimbia baridi ya Ulaya hubaki hadi Machi. Pasaka hupita. Kisha huja kile ambacho watu wa hoteli hukiita lo sizoni, kuanzia Aprili hadi Juni, na hapo timu ya watu kumi hubakishwa watatu. Anayeachwa hutafuta pa kushika: sherehe za kuzaliwa za watoto wa Nyali, ambako huvaa mavazi ya mchekeshaji na kuchora nyuso, harusi, ambazo huongezeka kabla ya Ramadhani na baada ya Idd, ambako huwa mshereheshaji, malori ya matangazo yenye spika kubwa yanayozunguka Likoni na Changamwe, maonyesho ya kilimo pale Mkomani, na katika mwaka wa uchaguzi, mikutano ya siasa, ambayo hulipa vizuri na huisha ghafla. Wengine huvuka kabisa kwenda kwenye mjengo au bodaboda. Ukizitazama kazi hizi kwa pamoja utaona kwamba nyingi zinatumia ustadi ule ule wa Desemba, kusoma hadhira, kubeba sauti, kuficha uchovu, lakini kila mwajiri hulipia saa zake peke yake. Hakuna anayelipia kalafati.

Juu ya hayo kuna hatari ya msimu wenyewe kutofika, na Mombasa inaijua vizuri. Ghasia za Likoni za Agosti 1997 ziliziacha hoteli tupu hadi Krismasi na baada yake. Tarehe 28 Novemba 2002, chini ya mwezi mmoja kabla ya sikukuu, hoteli moja ya Kikambala ililipuliwa kwa bomu. Mei 2014 kampuni za utalii za Uingereza ziliwarudisha wateja wao kwao kwa ndege baada ya onyo la usalama. Mwaka 2020 ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa kuanzia Machi hadi mwanzo wa Agosti, na Krismasi ya mwaka huo iliadhimishwa chini ya kafyu ya saa nne usiku. Mwenye hoteli hupata hasara kubwa katika miaka kama hiyo, sikatai. Lakini yeye ana benki ya kuzungumza nayo, na suti yake bado iko stoo.

Sheria haimsaidii sana mtu huyu, na si kwa sababu ni mbaya. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamweleza kibarua kuwa ni mtu anayelipwa mwisho wa kila siku na ambaye hakuajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Kifungu cha 37 kinampa kinga: akifanya kazi kwa siku mfululizo zinazofikia mwezi, au akipewa kazi isiyotarajiwa kumalizika ndani ya miezi mitatu, hatachukuliwa tena kuwa kibarua. Kifungu hiki kimewafaa watu wengi wa viwandani na bandarini. Baba Krismasi hawezi kukifikia. Akiitwa jioni tatu kila mwaka kwa miaka minane atakuwa amefanya kazi siku 24, tena zilizotengana kwa miezi, na katika macho ya sheria Desemba ya nane ni sawa na ya kwanza. Chama cha wafanyakazi wa hoteli, KUDHEIHA, hujadiliana na waajiri kuhusu mishahara na marupurupu, lakini aliyeletwa na wakala kwa jioni moja hukaa nje ya mlango wa mazungumzo hayo. Bima ya afya nayo, tangu mamlaka mpya ya SHA ilipoanza kazi Oktoba 2024, humtaka asiye na mshahara achangie angalau shilingi 300 kwa mwezi, hesabu inayofanywa kwa mwaka mzima. Kwa mtu ambaye fedha zake huja Desemba, kulipa kwa mkupuo kungeweza kumfaa, kama tu fedha za Desemba zingekuwa zimepangwa kwa kuukumbuka mwaka.

Hapa ndipo ndevu za pamba zinaporudi. Kwa kuwa zinafunika uso, yeyote anaweza kuwa ndani yake, na kwa kuwa yeyote anaweza kuwa ndani yake, anayetaja bei ni mwenye suti. Mwigizaji akiomba nyongeza, kuna mpishi msaidizi au mlinzi wa bwawa ambaye mto utamkaa vilevile. Dawa yake, nionavyo, haihitaji sheria mpya wala pesa nyingi: hoteli tatu au nne za eneo moja, kwa mfano za Bamburi, zinaweza kumpa mwigizaji mmoja mkataba wa mwaka, wa siku chache kila mwezi, ukiwa na malipo madogo ya kumshikilia katika miezi ya mvua, naye akawa ndiye Baba Krismasi wao, ndiye mshereheshaji wa Pasaka na ndiye mtu ambaye familia inayorudi kila mwaka itamkuta. Wateja wa ndani hurudi. Mtoto wa Nakuru aliyekuja akiwa na miaka minne atakuja tena akiwa na sita, na kumbukumbu yake ni mali ambayo hoteli zetu huitupa kila Januari pamoja na miti ya plastiki.

Ila nina shaka moja kuhusu pendekezo langu, na ingekuwa udanganyifu kuificha. Baadhi ya waigizaji wa Mombasa ni Waislamu. Kwao kazi ni kazi, kama vile mpishi Mwislamu anavyopika chakula cha Krismasi, lakini si kila jirani wala kila mzee wa msikitini atalitazama jambo hilo kwa upole. Pamba ile inayomnyima bei ndiyo inayompa amani ya kurudi mtaani. Mmarekani mwenye ndevu zake hana pa kujificha na hataki. Kijana wa Kisauni anaweza kutaka sana. Kumpa jina kwenye bango la hoteli kunaweza kumletea kipato na kumwondolea utulivu kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo mkataba ninaouzungumzia lazima umtambue katika karatasi na mshahara, na uamuzi wa kutambulikana usoni uachwe mikononi mwake.

Na huyu kijana anajua kwamba kuna namna nyingine ya kuwa mwigizaji wa msimu mmoja, kwa sababu ameiona tangu utotoni. Mpiga daku hufanya kazi mwezi mmoja tu katika mwaka. Usiku wa Ramadhani yeye na wenzake hupita vichochoroni na ngoma na nyimbo kuwaamsha watu wale kabla ya alfajiri, na Idd inapokaribia hupita tena mlango kwa mlango kupokea alichojaliwa kila mwenye nyumba. Hana mkataba wala bei. Lakini uso wake uko wazi, watoto wanamjua kwa jina, na miezi kumi na mmoja iliyobaki anaposhona viatu au kuuza samaki bado huitwa kwa kazi yake ya usiku. Sisemi kwamba zawadi ya Idd inatosha. Haitoshi, na ndiyo maana vikundi vya daku vinapungua. Ninachokiona ni kwamba mtaa unamhesabu hata asipopiga ngoma.

Kalenda hizi mbili hazisimami mahali pamoja, kwa kuwa mwaka wa Hijria hutangulia kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Krismasi za 1998, 1999 na 2000 zote ziliangukia ndani ya Ramadhani. Zitakutana tena: mwaka 2030 mwezi unatarajiwa kuandama siku moja au mbili baada ya Krismasi, na Krismasi za 2031 na 2032 zitakuwa ndani ya mfungo. Miaka hiyo kijana wa Kisauni anaweza kujikuta amefunga mchana kutwa, akafuturu kwa tende na maji nyuma ya jiko la hoteli, akafungwa mto tumboni, akaingia ukumbini akicheka kwa Kijerumani, kisha saa tisa usiku akawa nyuma ya ngoma katika kichochoro cha kwao. Suti itarudishwa stoo na kutiwa alama kwenye daftari. Ngoma ataondoka nayo.